Mafuta ya Maua Hayataki Maji

Ndugu wakulima, nanyi kina mama mnaopepeta mchele huku redio iko dirishani, mazungumzo ya leo yanawahusu sana.

Leo sitazungumza juu ya mbolea wala juu ya viwavi. Nitazungumza juu ya mafuta ya kujipaka, mafuta ya ngozi na nywele yanayonukia maua, ambayo mtu anaweza kuyatengeneza nyumbani kwa nazi zake na maua ya uani kwake. Najua baba mmoja hapo ameshanyoosha mkono azime redio, akisema haya ni mambo ya wanawake. Usizime, ndugu yangu. Mnazi ni wako, kuni ni zako, na nazi kumi na tano zikiharibika hasara ni ya nyumba nzima.

Nianze kwa kuwasimulia jambo nililolikuta Turiani.

Masika moja nilikwenda huko kutazama mpunga wa mabondeni, chini ya milima ya Nguru. Wenyeji wa huko wanajua jinsi masika inavyokuwa: milima imejifunika wingu, Mto Diwale umejaa, na nguo ukizianika asubuhi unazianua jioni zikiwa bado mbichi. Tulipomaliza kazi ya mpunga, mama mmoja akaniita kando. Akatoa chupa ndogo ndani ya kikapu, akaniambia, "Bwana shamba, wewe unajua mambo ya mimea. Hebu nusa hapa."

Nilinusa, nikarudisha uso nyuma. Yalikuwa mafuta ya nazi. Juu yalielea maua yaliyokuwa meusi, yameota ukungu. Chini ya chupa palikuwa na maji machafu, kama maji ya kuoshea mchele. Na harufu yake ilikuwa uvundo mtupu.

Mama akanieleza. Walikuwa akina mama watano. Walichangishana nazi na fedha za chupa, wakatengeneza mafuta ya asumini, wakayauza siku ya gulio. Siku ile watu waliyasifu sana. Baada ya wiki tatu chupa zikaanza kurudi. Wanunuzi hawakuzirudisha kwa siri, walizirudisha sokoni, mbele za watu. Kutoka hapo kikundi kikavurugika. Aliyenunua nazi akaambiwa kwamba alinunua nazi mbovu ili abaki na fedha. Aliyepika akaambiwa kwamba alichanganya mafuta ya kukaangia. Wawili kati yao, majirani tangu usichana wao, walikuwa hawajasalimiana kwa mwezi mzima.

Nikamwuliza, "Mama, maua mliyachuma saa ngapi?"

Akajibu, "Alfajiri, yakiwa na umande wake. Ndipo yananukia zaidi."

"Na chupa mliziosha lini?"

"Asubuhi ile ile, tukazijaza."

Nikamwambia, "Basi, mama, hapa hakuna mwizi wala mlaghai. Aliyewaharibia mafuta ni umande."

Ndugu wakulima, hilo ndilo neno langu la leo, na mkisahau mengine yote msilisahau hili: mafuta ya maua hayataki maji. Vijidudu vinavyoozesha vitu haviwezi kuongezeka ndani ya mafuta matupu, vinahitaji maji. Ukungu nao unahitaji maji. Tena maji yenyewe huyavunja mafuta polepole, yakachacha. Tone moja la umande juu ya ua, tone moja ndani ya chupa, tone moja lililobaki katika mafuta yasiyoiva, hayo yanatosha kuharibu kazi ya siku tatu. Kwa hiyo kila hatua nitakayoitaja sasa ina shabaha moja tu, kuyaondoa maji.

Sasa sikilizeni vizuri. Nitaanza na mafuta, kisha maua.

Chagueni nazi zilizokomaa kabisa, ambazo kifuu chake ni cha kahawia na ukizitikisa zinalia maji. Nazi changa ina maji mengi na mafuta machache. Kwa lita moja ya mafuta jiandae na nazi kama kumi na tano. Zikiwa kubwa, zitatosha pungufu ya hapo. Zivunje, ukizinusa moja moja. Ukikuta moja imeoza, itupe, usione huruma, maana moja hiyo itatia harufu sufuria nzima.

Zikune kwa mbuzi, zikamue kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu, uchuje tui. Tui liweke katika chombo safi, ulifunike, lilale hadi asubuhi. Asubuhi utakuta tui zito limepanda juu na maji yamebaki chini. Teka lile zito peke yake. Maji ya chini yamwage, maana ukiyabandika jikoni utamaliza kuni bure. Na chicha usiitupe, wape kuku.

Lile tui zito libandike juu ya moto mdogo. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa sababu ya haraka. Nami niliyoyajua hapa sikuyapata kwenye kitabu, niliyapata pale pale Turiani kwa bibi mmoja aliyekuwa ameketi mkekani akitusikiliza. Bibi huyo aliwahi kuolewa Pangani, akakaa huko miaka mingi. Alisema, "Ninyi watoto mnatazama tu. Mafuta hupikwa kwa sikio."

Maana yake ni hii. Tui linapochemka linapiga kelele, linatokota na kurukaruka. Kelele ile ni maji yanayotoka. Baadaye utaona mafuta yamejitenga, yako juu, yanang'aa, na makapi yamezama chini. Mtu mwenye haraka huepua hapo, kwa sababu anaona mafuta. Lakini akitega sikio atasikia sufuria bado inalialia polepole. Maji bado yamo. Endelea na moto mdogo, ukikoroga ili makapi yasishike chini. Makapi yatakuwa ya rangi ya kahawia kama mchanga, na sufuria itanyamaza. Ikinyamaza, epua mara moja. Ukichelewa makapi yataungua, na mafuta yatanuka moshi badala ya maua.

Yaache yapoe, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokauka sawasawa. Nasema kilichokauka, si kilichokamuliwa.

Asiye na nazi asikate tamaa. Mafuta safi ya ufuta yanafaa, na Morogoro ufuta unalimwa. Alizeti pia yanafaa, ila huchacha upesi kuliko ya nazi, basi tengeneza kidogo kidogo. Lakini mbarika, yaani nyonyo, msijaribu kuzikamua wenyewe nyumbani. Mbegu zake zina sumu kali, na watoto huziokota wakachezea. Anayetaka mafuta yake anunue yaliyokwisha kutengenezwa.

Haya, sasa maua.

Ua la kwanza ni asumini, ambalo wengi mnalijua. Asumini hufunguka usiku. Yachume jioni, wakati vichomozo vimenenepa lakini havijafunguka, siku isiyo na mvua. Yatandaze juu ya ungo uliokauka, ndani ya nyumba, usiku huo. Yatafunguka yenyewe juu ya ungo. Uzuri wa asumini ni kwamba hata baada ya kuchumwa linaendelea kutoa harufu. Kwa hiyo hupotezi kitu kwa kulingoja likauke maji ya juu.

Ua la pili ni mlangilangi. Mti huu asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na umezoeleka sana Unguja na Pemba. Wenzetu wa Komoro wanaulima kwa wingi, wanayachemsha maua yake kwa mitambo ya kukusanya mvuke, na mafuta yake husafirishwa Ulaya kutengenezewa manukato. Mti huu unapenda joto na mvua. Anayetaka kuupanda aotesha mbegu kitaluni, na mti ukikua aukate kilele ili ubaki mfupi na maua yafikiwe kwa mkono, kama wafanyavyo Wakomoro. Ua lichumwe likiwa la manjano. Likiwa la kijani bado halijawa na harufu kamili. Huchumwa asubuhi, lakini subiri umande ukauke kwanza. Yakisha kuchumwa, yatandaze ungoni kivulini hadi yanyauke na kulegea. Usiyaanike juani, jua litachukua harufu yote.

Waridi lenye harufu linafaa kwa njia hiyo hiyo, pamoja na majani ya mrehani na mchaichai. Yote yanyauke kwanza.

Sasa kuyatia katika mafuta. Chukua chupa ya mdomo mpana. Ioshe siku moja kabla, uianike juani kutwa nzima ikitazama chini. Tia maua hadi nusu ya chupa, bila kuyashindilia. Mimina mafuta yakiwa na uvuguvugu, kiasi cha kuweza kutia kidole bila kushtuka. Mafuta ya moto hukaanga maua. Hakikisha maua yote yamezama. Ua linalochungulia juu ya mafuta ndilo linaloanza kuota ukungu.

Kwa asumini, acha siku moja tu, chuja, tia maua mapya katika mafuta yale yale. Fanya hivyo mara tano hadi saba, mpaka harufu ikuridhishe. Kwa mlangilangi na mengine, weka chupa mahali penye joto kidogo, karibu na jiko lakini si juu ya moto, kwa muda wa wiki moja. Kila siku izungushe polepole, na ufute kwa kitambaa kikavu unyevu wowote unaouona ndani ya kifuniko.

Ukimaliza, chuja kwa kitambaa kikavu, usikamue maua kwa nguvu, kwa kuwa utakamua na maji yake. Kisha acha mafuta yatulie siku nzima bila kuguswa. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo kama yapo yatashuka chini. Mimina mafuta ya juu polepole katika chupa ndogo kavu, na lile funda la mwisho la chini usilitie chupani. Wengi huona uchungu kuliacha, wakasema ni mafuta nayo. Ndugu zangu, funda hilo ndilo lililowafarakanisha majirani wawili Turiani.

Andika tarehe juu ya kila chupa. Weka mahali penye giza na ubaridi. Kwa kujihadhari, hesabu miezi mitatu tu ya kuyatumia. Yakianza kunuka uvundo kabla ya hapo, usiyapake, tumia kulainishia bawaba za mlango.

Jambo jingine kwa watu wa milimani, ninyi wa Nguru na Uluguru. Mafuta ya nazi huganda joto likipungua chini ya nyuzi 24 hivi. Mwezi wa sita na wa saba mtaamka mmekuta mafuta yamekuwa meupe kama samli. Hayakuharibika, wala hamkutapeliwa. Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, yatayeyuka. Ikiwa mnauza wakati wa kipupwe, tieni katika vikopo vya mdomo mpana ili mtu aweze kuchota kwa kidole, au changanyeni nusu kwa nusu na mafuta ya ufuta. Na mwelezeni mnunuzi mapema, kabla hajarudi na maneno.

Sasa naomba kina baba na kina mama wote mkae kimya, kwa kuwa nataka kuzungumza juu ya hatari.

Kwanza, ndimu. Mtu anaweza kusema, ganda la ndimu linanukia, nami nitie. Usitie. Maji ya ganda la ndimu yakikaa juu ya ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, huunguza, yakatoa malengelenge na kuacha madoa meusi ya muda mrefu. Mkulima anashinda juani. Ganda la ndimu halifai kabisa katika mafuta ya mkulima.

Pili, karafuu na mdalasini. Ninyi wa Matombo na Kinole mnavyo shambani, na karafuu yenyewe ni ua ambalo halijafunguka. Lakini viungo hivi ni vikali, vinawasha. Viacheni jikoni.

Tatu, ua lolote ambalo ukilichuma linatoa utomvu mweupe, liache mtini. Na ua usilolijua, hata likinukia namna gani, usilitie.

Nne, kabla mtu hajajipaka mwili mzima, apake tone moja upande wa ndani wa mkono, angoje hadi kesho yake saa ile ile. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu, mafuta hayo si yake. Watoto wachanga msiwapake mafuta ya maua. Na mafuta haya si ya kula.

Tano, msidanganye watu kwamba ni dawa. Mafuta hulainisha ngozi iliyokauka na kuzifanya nywele zisikatike ovyo, basi, na hiyo inatosha. Hayaponyi kidonda. Hayapakwi mahali palipoungua moto, hapo ni maji safi ya baridi halafu zahanati. Wala hayazuii jua. Mwenye ualbino asije akaambiwa apake mafuta ya maua aende kupalilia, ni kumhatarisha maisha, kwa kuwa jua humletea saratani ya ngozi. Yeye anahitaji mafuta maalumu ya kuzuia jua, kama yale ya Kilisun yaliyobuniwa kule KCMC, Moshi, pamoja na kofia pana na mikono mirefu.

Na kuna watakaokuja kuwashauri mtie kitu cha kung'arisha ngozi, ili mafuta yauzike. Huo ni mkorogo. Ndani yake mara nyingi mna zebaki au haidrokwinoni, navyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini mwetu kwa sababu huharibu ngozi, na zebaki huharibu figo. Mfukuzeni mtu huyo kama mnavyomfukuza nyani shambani.

Neno la mwisho ni juu ya kuuza. Kabla hamjafikiria soko, pigeni hesabu yenu wenyewe. Andikeni bei ya nazi kama mngeziuza nzima, bei ya kuni, bei ya chupa na vifuniko, na siku za kazi. Gawanyeni kwa idadi ya chupa mlizopata. Hapo mtajua kila chupa imewagharimu kiasi gani, na kama kuna faida. Nazi za mboga ya watoto zisiguswe. Mwaka wa kwanza tengenezeni ya nyumbani na ya kupeana kwenye harusi, mpaka mmeona kwamba chupa imekaa miezi mitatu bila kubadilika. Mkiwa tayari kuuza kwa jina la biashara, nendeni kwa watu wa SIDO Morogoro kwa mafunzo, na Shirika la Viwango, TBS, kwa kibali, maana tangu mwaka 2019 shirika hilo ndilo linalosimamia vipodozi. Msiogope ofisi. Chupa iliyokaguliwa humlinda mnunuzi, na humlinda mwuzaji pia siku ya maneno.

Mtauliza, wale kina mama wa Turiani iliishaje? Bibi yule aliwaambia wapike upya, nazi tano tu, za kujaribia. Wakakusanyika uani kwake, mvua ilipopumzika. Wale wawili wasiosalimiana aliwaketisha pande mbili za jiko moja, akawaambia wasiseme neno, wasikilize sufuria. Walikaa karibu saa nzima. Iliponyamaza, mmoja akasema, "Tayari." Mwenzake akasema, "Bado, inalia kidogo." Wakainama wote wawili kusikiliza. Kweli, ilikuwa bado.

Niliondoka siku iliyofuata. Niliporudi wakati wa mavuno ya mpunga nilionyeshwa chupa ya siku ile, imeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino. Mafuta yake yalikuwa bado safi.

Tukumbushane sasa kwa ufupi.

1. Nazi zikomae, na ioze hata moja, itupwe.
2. Pika kwa moto mdogo mpaka sufuria inyamaze.
3. Maua yasiwe na umande, yalale ungoni kivulini kwanza.
4. Chupa, kitambaa na kifuniko viwe vikavu kabisa.
5. Maua yazame yote, na funda la chini lisitiwe chupani.
6. Ndimu, viungo vikali, utomvu mweupe na mkorogo ni mwiko.

Mnaosikiliza kwa kikundi, baada ya kipindi zungumzeni maswali haya matatu: Katika kijiji chenu ni maua gani mnayoyajua tangu zamani, na nani anajua kuyatumia? Je, bibi au mama huyo mmewahi kumwomba awafundishe? Na kitu kikiharibika katika kikundi chenu, huwa mnatafuta kosa lilipo, au mnatafuta mtu wa kulaumu?

Ndugu wakulima, muda wetu umekwisha. Kwa herini, na kazi njema.